Bunduki ya kwanza ya mpwa: mtoto yuko Ohio, mabishano yako Wete

Kisa chenyewe ni hiki. Dada mmoja wa Wete anaishi Columbus, Ohio, na mumewe na watoto watatu. Mkubwa wao ni wa kiume, ana miaka 13. Rafiki yake wa skuli hutoka na baba yake kila Novemba kuwinda kulungu, na safari hii kaalikwa naye. Mama mtu, kabla hajatoa jibu, akaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Asalaam alaykum nyote. Mwenenu anataka kwenda kuwinda. Nikimruhusu, tumnunulie bunduki gani? Naomba ushauri, msinicheke."

Walimcheka, kisha wakagawanyika mafungu matatu. Mjomba mkubwa, aliyekulia kwenye mikarafuu ya Mtambwe na kumwona babu yake akiwapiga popo na ninga kwa bunduki ya marisau, alisema mtoto wa kiume apewe bunduki ya kiume: .30-06, yaani ya risasi yenye nguvu, ajifunze nayo tokea sasa. Ami yake aliyeko Maskati, ambaye kweli anazijua silaha, alisema .243 au 7mm-08, nazo ni majina ya risasi zilizo laini zaidi. Shangazi akasema mtoto asipewe chochote, kwani khabari za skuli za Marekani tunazisikia mpaka huku. Mimi nimeoa katika ukoo huo na niliwahi kufundisha shabaha jeshini, kwa hiyo faili likaletwa kwangu. Naandika hapa tulivyolichambua, maana familia zetu zenye watoto ughaibuni ni nyingi na swali hili litarudi.

Nianze na ami, kwa sababu jibu lake ndilo lililokuwa zuri kuliko yote, na bado halikufaa. .243 Winchester imekuwepo tangu 1955. Ni risasi nyepesi inayokwenda mbio, bunduki yake haipigi teke kubwa begani, na watoto wengi wa Marekani wamempiga kulungu wao wa mwanzo kwa hiyo. 7mm-08 ya 1980 ina nguvu zaidi kidogo na inavumilika vilevile. Lau mtoto angekuwa Texas, ningetia saini hapohapo na kufunga mjadala.

Lakini yuko Ohio. Jimbo hilo halimruhusu mtu kuwinda kulungu kwa bunduki yoyote ya risasi aipendayo. Mlango uliofunguliwa mwaka 2014 ni wa risasi zenye ganda lililonyooka tu, lisilobanwa shingoni, na kipenyo kiwe kati ya inchi 0.357 na 0.50. Nje ya hapo kuna bunduki za geji, yaani za namna ya marisau, zinazopigwa kwa risasi moja nzima, bastola za aina maalumu, na gobore. .243, 7mm-08, .308, .30-06, zote zina ganda lenye shingo, na zote zimo nje. Ukiitazama ramani sababu unaiona mwenyewe: mashamba tambarare, nyumba zimetawanyika, barabara kila upande. Risasi yenye shingo huenda mbali sana baada ya kumkosa mnyama. Iliyonyooka huanza polepole zaidi na huanguka mapema.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mtoto atasimama wapi atakapofyatua, na la kaliba, yaani ukubwa wa risasi, linafuata. Ami alijibu kama mtu anayeulizwa kuhusu bunduki kwa jumla. Mama mtu alikuwa akiuliza kuhusu kipande kimoja cha ardhi, na kipande hicho kina sheria zake: idhini ya mwenye shamba iwe kwa maandishi, vazi la rangi ya chungwa liwe juu ya nguo, na risasi ndani ya bunduki zisizidi tatu. Watoto wa miaka 17 kushuka chini wana siku zao mbili mwezi wa Novemba, kabla ya wiki ya bunduki ya wakubwa, na anayemsimamia mtoto siku hizo yeye mwenyewe hawindi. Sharti hili la mwisho lilinipendeza kuliko yote. Mtu mzima asiye na bunduki yake ya kuangalia humwangalia mtoto.

Aliposikia neno gobore, mjomba alifufuka. Ndiyo, Ohio ina msimu wa bunduki za kujaza baruti kwa mbele, mwezi wa Januari, na watu huzipenda. Lakini si za kuanzia. Mtoto wa miaka 13 asiyewahi kushika bunduki asipewe ya kupimiwa baruti na kushindiliwa risasi kwa kijiti huku vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Sasa kaliba. Ndani ya uzio wa Ohio zilibaki njia tano za maana. Geji 12 kwa risasi nzima ina teke baya sana. Wanaume wazima hufumba macho kabla ya kufyatua, na mtoto akishajifunza kufumba macho itachukua miaka kumtoa tabia hiyo. Geji 20 ni afadhali, ila bado inasukuma. .450 Bushmaster inaangusha kulungu bila shaka yoyote, na bega la mtoto pia. .44 Magnum kwenye bunduki ya wenzo, ile inayopakiwa kwa kusukuma wenzo chini ya kitako, ni nzuri na ina historia, lakini wenzo una mambo yake: mtoto kuzitoa risasi zote zilizo ndani, moja baada ya moja, na kuwa na hakika hakuna iliyobaki, kunataka mkono uliozoea.

Ya tano ni .350 Legend. Kampuni ya Winchester iliitoa 2019, na majimbo ya namna ya Ohio ndiyo yaliyokusudiwa. Jina linasema 350, lakini kipenyo cha risasi kimeandikishwa inchi 0.357, kwa hiyo inaingia mlangoni. Risasi ya greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutoka kwenye mtutu kwa kasi ya futi 2,325 kwa sekunde, kiasi cha mita 700. Teke lake linakaribiana na la .243 na ni karibu nusu ya lile la .308. Mpaka yadi 150 inamtosha kulungu, na kwenye msitu wa Ohio, ambako mtu hukaa kwenye kibanda au juu ya ngazi iliyoegemezwa mti, mara nyingi mnyama huwa karibu zaidi ya hapo. Hapo nilisema kaliba tumeipata, tusibishane tena.

Mjomba hakuridhika. "Akimpiga kwa kijirisasi hicho, kulungu akakimbia nacho?" Ni swali la haki na jibu lake halimo kwenye ukubwa wa risasi. Moyo na mapafu ya kulungu, ukimtazama ubavuni nyuma ya bega, ni shabaha ya kama sentimita 20. Aliyepigwa hapo kwa .350 hafiki mbali. Aliyepigwa tumboni kwa .30-06 hutembea msituni usiku kucha, akafa mahali ambapo hakuna atakayemwona. Kinachomtoa mtoto kwenye sentimita 20 ni kuogopa bunduki yake mwenyewe.

Tukaja kwenye mwili, na hapa ndipo kisa kilipogeuka. Tulimpigia mtoto simu ya video. Mama alikuwa na fimbo ya ufagio iliyofungwa utepe mwekundu mahali pa kifyatulio. Kipimo cha zamani ni hiki: kunja kiwiko, weka kitako cha bunduki ndani ya kikunjo hicho, nyoosha mkono kuelekea kwenye kifyatulio. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ikifika bila kujivuta, urefu umekaa. Tulimwambia avae jaketi lake la baridi kwanza. Akacheka, maana ndani ya nyumba kulikuwa na joto, lakini Novemba hatakwenda na fulana, na jaketi nene hula karibu nusu inchi. Utepe ulilazimika kusogezwa mpaka inchi 12 na robo. Bunduki nyingi za watu wazima zina inchi 13 na nusu au zaidi.

Inchi moja na kitu mtu anaweza kuiona ni kitu kidogo, ila matokeo yake si madogo. Kitako kikiwa kirefu mtoto huinamia nyuma, shavu haliketi, jicho halipati katikati ya darubini ya kulengea, naye hujisukuma mbele kulitafuta. Bunduki ikirudi nyuma, ukingo wa darubini humchana juu ya nyusi. Kovu hilo nimeliona kwa wanajeshi wazima.

Kisha tukapima jicho. Kipimo hiki mtu yeyote anaweza kukifanya sebuleni: nyoosha mikono yote miwili, kutanisha viganja ubakishe kijitundu, tazama saa ya ukutani kupitia kijitundu hicho kwa macho yote mawili wazi, halafu fumba jicho moja moja. Jicho linaloendelea kuiona saa ndilo linalotawala. Mtoto huyu huandika kwa kulia, hula kwa kulia, hutupa mpira kwa kulia. Alipofumba jicho la kushoto, saa ikapotea.

Mama akauliza kama ni ugonjwa. Si ugonjwa, na yeye ni nesi, lakini mama ni mama. Watu wengi wako hivyo na hawajui mpaka wakamate bunduki. Kwa mtu mzima aliyekwishazoea mtu anaweza kutafuta hila ya kufumba jicho. Kwa anayeanza, dawa ni moja: apige kutoka bega la kushoto tangu siku ya kwanza. Mwezi mmoja wa kujiona mzito, kisha anasahau kama kulikuwa na namna nyingine.

Uamuzi huo ukavuta mwingine. Mpaka hapo bunduki mbili zilikuwa mezani, zote zinauzwa kwa .350 Legend: Ruger American Ranch, ambayo ni ya komeo linalovutwa kwa mkono kuingiza risasi, na CVA Scout, ya risasi moja, inayofunguka katikati kama zile za marisau za zamani. Mimi mwanzoni nilielemea upande wa komeo, maana humpa mtu risasi ya pili upesi. Lakini komeo la kawaida liko upande wa kulia. Anayepigia kushoto hulazimika kuvuka mkono juu ya bunduki au kuiondoa begani kila anapotaka kulivuta. Bunduki inayofunguka katikati haina upande. Nyundo yake iko nyuma katikati, na inapokuwa imefunguka kila mtu aliyesimama karibu anaona kama ina risasi au haina. Kwa baba wa rafiki yake, atakayekaa naye kibandani, hilo la kuona kwa jicho ni usalama ambao hakuna kibonyezo chochote kinachoweza kuuleta.

Ina kasoro zake na tuliziweka wazi. Nyundo inahitaji dole gumba lenye nguvu, na darubini ikiwa juu nafasi hubana, hivyo huongezwa kijipande cha ubavuni cha kuivutia. Kuishusha nyundo pale kulungu asipotokea ndilo jambo la hatari zaidi kwenye bunduki hii: dole likiteleza, inafyatuka. Kwa hiyo kanuni aliyopewa ni kwamba nyundo haivutwi mpaka mnyama yuko mbele na msimamizi amesema ndiyo. Na kabla ya kuishusha, bunduki ifunguliwe, risasi itolewe, ndipo. Tena ni nyepesi, na wepesi huongeza teke. Mpira mnene nyuma ya kitako unapunguza. Kitako kinakatwa na fundi, kipande kilichokatwa kinawekwa, kwa sababu mtoto wa miaka 13 haulizi ruhusa ya kurefuka.

Jambo la ununuzi nalisisitiza kwa sababu sisi tuna desturi ya kuchangiana, na desturi nzuri inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Baba wa rafiki alijitolea: nipeni fedha, nitawanunulia, dukani wananijua. Mjomba wa Wete naye alitaka kutuma chake. Mtoto alikuwa na sikukuu zake, fedha alizopewa Idi mbili, alizoziweka. Sasa, mnunuzi wa bunduki kwenye duka lenye leseni Marekani hujaza fomu na kutamka kwamba yeye ndiye mnunuzi wa kweli. Kumnunulia mtu mwingine kwa fedha za huyo mwingine ni kusema uwongo kwenye fomu, hata kama nyote wawili hamna doa. Kuna kesi iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani, Abramski, iliyoamuliwa 2014: mpwa alimnunulia mjomba wake bastola kwa fedha za mjomba, ili apate punguzo la bei. Wote wawili walikuwa wanaruhusiwa kumiliki silaha. Mpwa alishindwa.

Zawadi ya kweli kutoka kwa mzazi kwenda kwa mwanawe inakubalika. Mtoto mwenyewe hawezi kununua, maana duka haliwezi kumuuzia bunduki ndefu mtu wa chini ya miaka 18. Mama ana kadi ya kijani, na mkaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Angekuwa kwenye viza ya muda, hesabu ingekuwa nyingine kabisa, na wenye jamaa walioko huko kwa viza wasichukulie kisa hiki kuwa ruhusa. Tukakata hivi: mama anunue kwa fedha zake, bunduki iwe ya nyumba, funguo ziwe zake. Sikukuu za mtoto zikanunua kizibo cha masikio na vesti ya rangi ya chungwa. Mjomba akaambiwa atume karafuu.

Funguo ndizo zilizomjibu shangazi, kama alijibika. Hoja yake nilisikia baadhi ya wanaume kundini wakiipuuza, na hawakuwa na haki. Katika nyumba hiyo mna watoto wengine wawili wadogo. Kaliba mbaya itampa mtoto bega lililovimba, lakini kabati lisilofungwa linampa mama jeneza. Masharti yakawa haya: kabati la chuma lililofungwa ukutani, risasi mahali pengine kwa kufuli nyingine, funguo haziachwi kwenye mkoba, na kama kabati halijafika bunduki haiji. Shangazi alisema bado hapendi. Hakuna aliyemlazimisha kupenda.

Likabaki la nyama, ambalo mama alilificha mpaka mwisho kama vile ni dogo. "Na je, akipata, tutakula?" Swali hili tulilipeleka kwa shekhe wa mtaani kwetu baada ya Alasiri. Kuwinda chakula ni halali, aya ya nne ya Suratul Maidah iko wazi. Hadithi ya Adiyy bin Hatim, iliyomo katika Bukhari na Muslim, imetofautisha kilichopenya kwa makali na kilichoua kwa uzito wa pigo: cha kwanza kuleni, cha pili msile. Risasi ya bunduki iko wapi? Wako wanazuoni, na miongoni mwao baadhi ya wa madhehebu yetu ya Shafii, waliokaza wakasema mnyama asipodirikiwa akiwa hai akachinjwa, haliwi. Wako wengi wa zama hizi waliosema risasi inapenya na kumwaga damu, basi ni kama mshale. Shekhe wetu alishika kauli hii ya pili, kwa sharti Bismillahi itajwe wakati wa kufyatua, na akaongeza kwamba aliyetaka kujitoa kwenye khitilafu asile na hakuna wa kumlaumu. Anayeokotwa amezama majini aachwe, kwani hadithi hiyohiyo imekataza.

Mimi nilifurahi kwa sababu ya kimwalimu. Mtoto anayejifunza kulenga huwa na haraka pale mwisho: akiona nywele za mnyama kwenye darubini, kidole kinaruka. Sasa ana kitu cha kufanya hapo katikati. Anatoa pumzi nusu, anasema Bismillahi, halafu anaminya. Neno hilo lina silabi nne, na ndani ya silabi nne bunduki inatulia.

Mpango wa mafunzo ulikuwa mfupi. Kozi ya usalama wa uwindaji kwanza, ambayo jimbo linaitaka, na baba mtu aliamua kuifanya pamoja naye ingawa yeye hana nia ya kuwinda. Kisha bunduki ya .22 ya kukodi uwanjani, isiyo na teke wala kishindo, mpaka bega la kushoto liwe lake. Ndipo .350, risasi chache kila mara, kizibo juu ya masikio, na mtu aache akiwa bado anataka kuendelea. Kila baada ya risasi kadhaa msimamizi ampe bunduki tupu bila yeye kujua. Mtutu ukitikisika juu ya bunduki tupu, mtoto ameanza kuogopa, na arudi kwenye .22 siku hiyohiyo bila kukemewa.

Umbali ulizua ubishi wa mwisho. Mjomba alisoma mahali kwamba .350 inafika yadi 200, akataka mtoto aachiwe. Risasi inafika, ndiyo. Nilipendekeza yadi 75 kwa mwaka wa mwanzo, na awe ameegemeza bunduki. Ami wa Maskati akasema 100. Mama, aliyekuwa amekaa kimya kwa muda, akaandika kwamba mwenye mtoto ni yeye na itakuwa 60, na kama kulungu yuko mbali zaidi ya hapo basi ajaaliwe umri mrefu. Hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi iliyopelekwa kwa baba wa rafiki, pamoja na lile la nyundo.